Kulala kwenye kituo cha utafiti ndani ya msitu wa mvua: mwongozo kamili wa Amani, Usambara Mashariki

Mwongozo huu ni wa yule anayekwenda kulala siku tatu au wiki tatu katika nyumba za wageni za Amani, juu ya Muheza, mkoani Tanga. Huenda ni mwanafunzi anayekusanya takwimu za shahada, msaidizi wa mtafiti, mpenda ndege, au mwalimu anayepeleka darasa lake. Mimi nimelala huko mara kadhaa, masika na kiangazi, na kila mara nimemwona mgeni aliyeteseka bila sababu. Aliyekuja akidhani amekodi gesti ya bei nafuu yenye miti mingi ndiye aliyelalamika tangu siku ya kwanza. Amani ni mahali pa kazi kwanza, malazi baadaye. Wajerumani walianzisha taasisi yao ya utafiti wa mimea na kilimo hapo mwaka 1902, Waingereza wakaiendeleza, kisha watafiti wa malaria wakazitumia nyumba zilezile kwa miongo mingi. Leo msitu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia iliyotangazwa mwaka 1997, yenye hekta zipatazo 8,380. Ukienda ukijua kwamba unaingia kwenye nyumba ya kazi ya watu, utajua pia namna ya kukaa.

Hatua ya kwanza: kibali, nafasi na majira

Anayekwenda kutembea tu hulipa kiingilio na malazi kwa Wakala wa Huduma za Misitu, ambao ndio wanaoisimamia hifadhi. Malipo ya serikali hupitia namba ya malipo unayopewa na ofisi, kisha unalipa kwa simu au benki. Fanya hivyo ukiwa bado mahali penye mtandao wa uhakika. Usisubiri ufike getini jioni, betri ikiwa asilimia sita.

Anayekwenda kufanya utafiti ana njia ndefu zaidi. Anahitaji kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na utafiti wa wanyamapori hupitia pia TAWIRI, Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori. Mwanafunzi achukue barua ya chuo, nakala tatu, zikiwa zimepigwa muhuri. Haya yote ni ya miezi, si ya wiki. Kibali kikichelewa, usiende ukitarajia kwamba utaeleweshana na watu huko huko. Mhifadhi akikukatalia atakuwa anatimiza wajibu wake.

Kabla ya kufunga safari, piga simu uulize mambo manne: vitanda vingapi viko wazi, nani anapika na analipwa vipi, umeme unapatikana saa ngapi, na maji yanatoka bombani au yanachotwa. Majibu ya maswali haya ndiyo yatakayojaza begi lako. Nyumba ziko Amani kwenyewe, juu mlimani kwenye mwinuko wa mita 900 hivi, na nyingine Zigi, chini kwenye lango. Zigi kuna joto zaidi na mto uko karibu. Amani kuna baridi, ukungu, na bustani ya miti ya Wajerumani hatua chache kutoka mlangoni. Mimi huchagua Amani.

Kuhusu majira: masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba, na hata katikati mvua haiachi kabisa. Kwa mwaka hunyesha takriban milimita 2,000. Anayetaka njia kavu na ndege wanaoonekana aende Juni hadi Septemba au Januari na Februari. Anayefuata vyura afuate mvua, avumilie.

Hatua ya pili: kufunga begi dhidi ya unyevu

Watu hujiandaa kwa nyoka. Adui wa kila siku ni unyevu. Asubuhi ya tatu ya safari yangu ya kwanza nilitoa viatu vya ngozi chini ya kitanda nikakuta vimeota kuvu wa kijivu, laini kama manyoya ya kifaranga, na mkanda wa suruali uliokuwa umening'inia ukutani ulikuwa hivyo hivyo. Sikuwa nimevilowesha hata mara moja. Hewa yenyewe ilitosha.

Kwa hiyo acha ngozi nyumbani. Chukua gambuti zinazofika chini ya goti na raba za kubadilisha. Chukua suruali nyepesi mbili zinazokauka haraka. Jinzi ikilowa Amani mwezi wa Aprili inaweza kukaa siku nne kwenye kamba na bado ikawa na majimaji kwenye mishono. Soksi ndefu ziwe jozi sita au zaidi. Jozi moja iwe ya kulalia tu, usiivae nje hata siku moja, na uihifadhi peke yake. Usiku wa Julai, baridi inapoingia chini ya mlango, soksi kavu zina thamani kuliko blanketi la pili. Sweta au koti zito pia ni la lazima. Wanaotoka Dar es Salaam na Tanga mjini hulidharau hili, kisha wanalala wamejifunga kanga zote walizonazo.

Simu, kamera na darubini vinahitaji nyumba yao. Mimi hutumia ndoo ndogo ya plastiki ya lita kumi yenye mfuniko unaobana. Chini naweka mchele mkavu kilo moja ndani ya soksi safi iliyofungwa fundo, juu yake vifaa, kisha nafunika. Kila baada ya siku mbili nauanika mchele juani au kando ya jiko, kisha naurudisha. Lenzi ikiota kuvu ndani, fundi wa kuisafisha yuko mbali na gharama yake inauma. Daftari liwe la penseli. Wino wa kalamu hutambaa kwenye karatasi yenye unyevu, na takwimu za wiki nzima zinageuka doa la buluu.

Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, kwa hiyo usipange kufungia nguo humo. Tafuta mfuko mzito usiopitisha maji unaotumika mara nyingi, au ndoo ya pili.

Mengine kwa ufupi: tochi ya kichwani na betri za akiba, pawabenki, kamba ya kuanikia nguo mita kumi, sabuni ya mche, kandambili, kofuli lako mwenyewe, chandarua hata kama umeambiwa kipo, sindano na uzi wa kuzibia matundu yake, koti la mvua, na fedha taslimu za noti ndogondogo.

Hatua ya tatu: Muheza, kisha kupanda

Muheza ndipo unapomaliza manunuzi. Nunua unga, mchele, maharage, mafuta, chumvi, vitunguu na dagaa waliokauka vizuri. Chukua machungwa, maana uko kwenye wilaya ya machungwa na huko juu utayatamani. Chai, iliki, mdalasini na pilipili manga usibebe. Hivyo vinalimwa mlimani, na ukinunua kwa wanakijiji fedha inabaki kwao.

Basi la kwenda Amani huondoka mjini Muheza, kwa hiyo fika mapema uulize stendi ratiba ya siku hiyo. Ni kilomita thelathini na kitu tu, lakini baada ya Zigi barabara ni ya udongo na kona kali, na mvua ikinyesha udongo ule mwekundu huteleza kama sabuni. Mwenye gari dogo afanye safari kiangazi tu. Ukipita Zigi utaona nyumba ya zamani ya stesheni ya reli ndogo ya Wajerumani iliyokuwa ikishusha mbao hadi Tengeni. Sasa ni mahali pa maelezo ya wageni, na hapo ndipo utakapojiandikisha.

Hatua ya nne: saa mbili za kwanza

Ukifika, usitupe begi kitandani ukaenda kupiga picha. Kwanza salimia. Mpishi, mlinzi, mwenye funguo na waongoza wageni ndio wanaoifanya nyumba ile ikalike, na wengi wao ni watu wazima. Shikamoo kwanza, jina lako, umetoka wapi, unakaa siku ngapi. Uliza unapaswa kumwambia nani ukienda msituni na ukirudi. Swali hilo moja hukuonyesha kuwa mtu makini.

Kisha chumba. Sogeza kitanda sentimita thelathini kutoka ukutani. Ukuta unaleta unyevu, na wadudu hutembea juu yake. Kunjua chandarua mchana kuna mwanga, kitazame kinyume na dirisha, uzibe kila tundu. Toa godoro juani kama jua lipo, hata nusu saa. Pitisha tochi chini ya kitanda na nyuma ya mlango. Hakikisha unajua njia ya kwenda chooni gizani, kwa kuipita mara moja ukiwa bado unaona. Chaji kila kitu umeme ukiwepo, wala usiseme nitachaji kesho.

Maji, bafu na mto

Utaoga kwa ndoo na kopo. Ukitaka maji ya moto, mwambie mhusika mapema, maana maji yale yanachemshwa kwa kuni ambazo mtu amezibeba kichwani. Ndoo moja inatosha: jiloweshe kwa kopo mbili, jipake sabuni, suuza kuanzia kichwani. Nywele ndefu zioshwe siku ya jua.

Maji ya kunywa chemsha, hata kama yanatoka kijito safi cha msituni, na uyapoze kwenye chupa yako usiku ili asubuhi usimcheleweshe mwongoza njia.

Usifulie wala kuoga na sabuni mtoni. Maji ya milima hii yanakusanyika mto Zigi, na mto huo ndio unaojaza bwawa la Mabayani ambalo Tanga mjini wanalitegemea kwa maji ya kunywa. Chota maji kwa ndoo, fulia mbali na kingo, mwaga kwenye udongo.

Jikoni

Vituo vingine vina mpishi wa wote, vingine kila mtu na sufuria yake. Kama kuna mpishi, mpe chakula chote siku ya kwanza, mkubaliane milo na malipo, na usiingie kumpangulia jiko. Kama unapika mwenyewe, loweka maharage usiku, injika asubuhi kabla hujatoka, na umwombe anayebaki aangalie moto. Kuni ulizotumia zirudishe kwa kununua. Kuokota ndani ya hifadhi ni kosa mpaka uambiwe vingine.

Chakula kikae kwenye debe au ndoo yenye mfuniko mzito. Panya buku wa msituni ana nguvu, ana mashavu ya kubebea mzigo, na mfuko wa karatasi haumzuii. Kuna asubuhi nilikuta karanga zote za wenzangu zimehamishwa, na ganda hata moja halikuachwa. Kima nao hufika mchana. Usiwatupie hata ganda la ndizi. Kima aliyezoea kulishwa huanza kuingia madirishani, na takwimu za anayesoma tabia zao zinakuwa zimeharibika kabisa.

Usiku

Giza huingia haraka, na msitu huanza kazi yake. Sauti itakayokushtua usiku wa kwanza ni ya perere: inaanza kama mlango unaofunguliwa bawaba zikiwa na kutu, inapanda, kisha inakuwa mayowe ya mtu anayeuawa. Ni mnyama mdogo mwenye ukubwa kama sungura, yuko juu ya mti, anawatangazia wenzake eneo lake. Ukishajua, utalala. Komba nao watalia, na kukicha hondohondo watapita juu ya paa, mabawa yao yakivuma kama mtu anayepepea mkeka mkubwa.

Usiku pia ni wakati mzuri wa kuona. Ukiwa na mwenyeji, tembea polepole kando ya njia ukimulika ncha za vijiti vilivyo usawa wa macho. Kinyonga aliyelala hupauka, anaonekana mweupe kwenye mwanga wa tochi, mkia umekunjwa kama utepe. Mtazame, hesabu hadi kumi, ondoa mwanga. Usimshike.

Sasa siafu. Usiku mmoja wa Novemba niliamshwa na mchakacho mwembamba, kama mchele unaomwagwa mbali. Nilipowasha tochi, mende na buibui walikuwa wanakimbia ukutani kuelekea dirishani, na nyuma yao ukuta ulikuwa mweusi na unatembea. Mzee wa Kisambaa aliyekuwa mlinzi aliingia bila haraka, akaniambia nitoke na blanketi, nisimwage mafuta ya taa, nisiwapige. Tulikaa barazani kwa mzee tukinywa chai ya iliki kwa muda wa karibu saa tatu. Tuliporudi siafu wamepita, na chumba hakikuwa na hata mdudu mmoja. Hivyo ndivyo inavyofanywa: toka, vaa gambuti na chomeka suruali ndani, wape njia, rudi wakimaliza. Mafuta ya taa yatabaki sakafuni wiki nzima, na siafu wataingia vilevile kwa upande mwingine. Kama mtoto mchanga, mgonjwa au mnyama aliyefungwa yuko ndani, hao watolewe kwanza kabla ya kitu chochote.

Ndani ya msitu: mikono mfukoni

Utaona utepe wa rangi kwenye matawi, vibao vidogo vya namba kwenye magogo, ndoo zilizozikwa hadi ukingoni, kamera zimefungwa kwenye shina. Hakuna kilichosahauliwa hapo. Utepe mmoja ukiuondoa kwa kudhani ni takataka, unaweza kuwa umepoteza mti ambao mtu amekuwa akiupima kwa miaka. Usivute, usihamishe, usipite mbele ya kamera makusudi. Ukikuta mtego una mnyama, mwambie mhusika mara moja.

Safisha gambuti kabla ya kwenda na baada ya kurudi, hasa kama umetoka msitu mwingine. Piga brashi tope lote, osha, ziache zikauke kabisa. Hili nalisisitiza kwa moyo wote. Kuna kuvu anayeua vyura, na tope lenye maji linaweza kumbeba. Chura wa Kihansi, kule Udzungwa, alitambuliwa na wataalamu miaka ya 1990. Maji ya maporomoko yaliyokuwa yakimnyunyizia yalipunguzwa na mradi wa umeme, kuvu yule akaonekana, idadi yake ikaanguka ghafla mwaka 2003, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Hapa Usambara kuna ndugu yake wa jamii ileile ya Nectophrynoides, mdogo kama ncha ya kidole gumba, asiyetaga mayai majini bali huzaa watoto wadogo waliokamilika. Unaweza kumkuta kwenye jani la mgomba-mwitu ukirudi bafuni.

Vilevile using'oe ua. Maua ya zambarau ya Usambara, ambayo dunia nzima huyapanda madirishani, yalipelekwa Ulaya kutoka milima hii mwaka 1892 na Walter von Saint Paul, aliyekuwa ofisa wa Kijerumani Tanga. Yaliyobaki yamejishikiza kwenye miamba yenye kivuli, na mengine yako mahali pachache mno. Na usilete mbegu wala mche. Mti wa Maesopsis uliopandwa Amani zama za Wajerumani umeenea hadi leo, hondohondo wakila matunda yake na kudondosha mbegu ndani ya msitu wa asili.

Tembea na mwongoza wageni hata kama njia unaijua. Anamtambua ndege chozi wa Amani kwa mlio kabla hujanyanyua darubini, na anajua wapi nyoka hupenda kulala. Lipa bei iliyokubaliwa, kwa wakati.

Afya

Muheza na tambarare zake zimejulikana kwa malaria tangu zamani, na ndiyo sababu utafiti mwingi wa ugonjwa huo umefanyika eneo hili. Mlimani mbu ni wachache kuliko chini, lakini unapita chini kwenda na kurudi. Muone daktari kuhusu dawa ya kinga, hasa ukitoka nyanda za baridi kama Arusha au Nairobi, na ulale ndani ya chandarua kila usiku. Homa ikikupata hata wiki kadhaa baada ya kurudi nyumbani, pima, na umweleze daktari ulikokuwa.

Kila jioni jikague kupe: nyuma ya magoti, kiunoni, kwapani. Mtoe kwa kibano ukivuta moja kwa moja, usimchome kwa moto. Usitembee peku, maana funza wapo. Beba dawa za kuhara na chumvi ya kurudisha maji mwilini, dawa ya vidonda na bandeji. Aliyeumwa na nyoka atulizwe, asitembezwe, kiungo kisichanjwe wala kufungwa kamba ya kukata damu, na apelekwe hospitali Muheza. Kwa sababu hiyo uwe umeuliza siku ya kwanza gari gani linapatikana usiku na namba ya dereva. Mwenye pumu aje na dawa za kutosha mara mbili, kwa kuwa kuvu wa vyumbani humwamsha mtu kifua.

Kuondoka

Siku moja kabla, fua mashuka uliyotumia kama jua lipo, fagia, rudisha ndoo na sufuria zilipokuwa. Takataka zisizooza ziteremke na wewe hadi Muheza, betri zilizokwisha zikiwa za kwanza. Unga na mchele uliobaki mwachie mpishi mkononi, usiuache juu ya meza kwa panya buku. Jaza kitabu cha wageni, na ukiwa umeona mbega, bundi mkubwa au kinyonga, andika tarehe, saa na mahali karibu na alama inayojulikana, kama daraja au namba ya kibao. Mtafiti atakayekuja mwakani ataisoma.

Uliza jioni basi litapita saa ngapi, kisha uwe barabarani nusu saa kabla yake. Soksi zile za kulalia zivae sasa, maana alfajiri ya kushuka huwa baridi na dirisha la basi halifungi.